Nani Alimtegemea Sefu

Esha na mavyaa yake, Bi Mwanaima, waliishi ua mmoja pale Munje miaka saba bila kuambizana neno la moja kwa moja. Walichokuwa nacho cha kuambizana walikipitisha kwa kuku. Bi Mwanaima akimfukuza kuku uani alimwambia, "Toka, mdoezi wewe, umekuja kula cha watu," na kila aliyepita njiani alijua kuku yule ameolewa na nani. Esha naye hakuwa wa kukaa kimya. Alimrushia mtetea wake punje za mpunga akasema kwa sauti, "Kula, mwanangu, huu ni wa konde langu mwenyewe. Hapa hatuli cha mtu." Majirani waliwacheka mpaka wakachoka. Sefu, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, hakucheka. Alijifunga kikoi chake akaenda kazini kabla jua halijachomoza, na kwa hali ya ua ule, kazi ndiyo ilikuwa mapumziko yake.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, kule juu ukingoni mwa msitu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Msumeno uliendeshwa kwa mkanda mpana wa ngozi, na mkanda huo ulikuwa na kifuniko chake cha bati ili usimkamate mtu. Mwezi wa Januari, mwaka wa 1954, bawaba za kifuniko zilikatika. Msimamizi akakiegemeza ukutani, akasema fundi atakuja. Fundi hakuja. Mwezi wa Aprili mkanda uliikamata ncha ya kikoi cha Sefu, na kabla hawajaizima injini alikuwa amekwisha kufa.

Mwenzake wa kazi, Chirau, ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya lori la mbao. Wanawake wale wawili walilia, kila mmoja mlangoni kwake. Watu walitazamia kwamba msiba utawapatanisha, maana ndivyo watu wanavyopenda kutazamia. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha somwa, Bi Mwanaima alimwambia kuku, "Umekwisha kumla mwanangu, sasa utamla nani?"

Siku ya ishirini ya eda alikuja mgeni. Jina lake Rai, karani wa kampuni, mtu wa Mombasa, kanzu nyeupe chini ya koti na kalamu mbili mfukoni. Alipiga hodi vizuri, akatoa pole vizuri, akamwombea marehemu dua ndefu. Kisha akaketi uani, katikati kabisa baina ya milango miwili. Bi Mwanaima alikuwa kwenye mbuzi yake mlangoni akikuna nazi. Esha, kwa kuwa yumo edani, alikaa nyuma ya pazia.

"Kampuni imenituma nijue hali zenu," alisema Rai. "Masikini mama yangu, sasa utakula nini? Bila shaka ulikuwa ukimtegemea Sefu kwa kila kitu."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Mimi? Nimtegemee mtu aliyekaliwa na mkewe? Mimi nina minazi kumi na minane, bwana. Sefu hakunipa hata chumvi. Nimejilisha mwenyewe, na nikifa nitazikwa kwa nazi zangu."

"Alhamdulillahi," alisema Rai, akaandika. Akaligeukia pazia. "Na wewe, mama watoto? Nasikia wewe ndiye uliyevishwa na kulishwa na marehemu."

"Nani mwingine!" Bi Mwanaima alikiambia kifuu cha nazi. "Kaja hapa na leso moja mwilini. Kamnyonya mtu mpaka kwenye mifupa."

Neno hilo lilimwingia Esha kama shubiri. Alikuwa amekaa siku ishirini chumbani, hana pa kwenda, na kila siku alikuwa akiyasikia hayo kutoka uani bila kuweza hata kutoka akawajibu kuku. Alisahau kwamba kuna mgeni.

"Muulize huyo anayesema mwanawe alikuwa akila wapi!" alipiga kelele nyuma ya pazia. "Konde la mpunga ni langu, nimepewa na mama yangu. Mimi simtegemei mwanamume! Kama Sefu alikula, alikula kwangu!"

"Na watoto?"

"Watoto nawalisha mimi!"

"Watoto wana wajomba zao," alidakia Bi Mwanaima. "Ni wa ukoo wa mama yao. Sisi hatuhusiki."

Rai aliandika yote bila haraka, akauliza tena pale alipotaka neno likae vizuri. Kisha akatoa kidau cha wino. Akasema ni taarifa tu ya hali ya nyumba, kampuni hupenda kujua. Bi Mwanaima alitia dole gumba. Esha akautoa mkono wake chini ya pazia, naye akatia lake. Rai alikunywa chai, akawashukuru, akaenda zake. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba wanawake wale walikuwa wamesema jambo moja, na wala hawakujua.

Sasa, kweli ilikuwa ipi? Kweli ni kwamba mpunga wa konde la Esha uliwafikisha miezi mitatu, minne mvua ikiwa na huruma. Miezi iliyobaki nyumba ile ilikula mshahara wa Sefu. Esha alijua, na alijua kwamba mavyaa yake anajua. Lakini kukiri mbele ya adui kwamba unalishwa ni jambo jingine, na Esha alikuwa tayari kulala njaa kuliko kumpa Bi Mwanaima neno hilo mkononi.

Eda ilipokwisha alikuja mgeni wa pili, kwa baiskeli. Huyu alikuwa Mwero, karani wa Idara ya Kazi, Mduruma wa Kinango, kijana mwenye uso wa mtu aliyezoea kuleta habari mbaya. Chirau alikuwa amemleta mpaka mlangoni. Mwero alikataa chai, akafungua karatasi.

"Dada, mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, kuna fidia," alisema. "Fidia hiyo hulipwa wategemezi wake. Yaani watu waliokuwa wakiishi kwa mshahara wake. Wako wanaomtegemea kwa kila kitu, na wako wanaomtegemea kwa sehemu tu. Wote sheria inawatambua. Lakini kama marehemu hakuwa na mtegemezi hata mmoja, mwajiri hulipa gharama za maziko, basi."

"Sasa mimi mkewe nisiwe mtegemezi?"

"Kampuni inasema huwi. Inasema Sefu hakumlisha mtu. Ina maneno yako, na dole gumba lako chini yake. Ina na ya mama yake."

Esha alimaka: "Yule alikuja kutoa pole!"

"Alikuja kwa kazi yake, dada."

Chirau alitukana, kisha akaomba radhi kwa kutukana mbele ya mjane. Mwero akaendelea, maana hakuwa na njia nyingine. Shauri litasikilizwa Kwale, mbele ya hakimu, baada ya wiki tatu. Esha anaweza kwenda kusema alikosea, lakini neno lake peke yake halitatosha, kwa kuwa amekwisha kusema kinyume chake. Anahitaji shahidi, mtu mzima, aliyeona kwa macho yake chakula cha Sefu kikiingia nyumbani.

"Wewe Chirau?" aliuliza Esha.

"Mimi na Sefu tulikuwa tukiachana njia panda, shemeji. Sikuwahi kuona anaingia na nini."

Njia ya kutoka kiwandani iliingilia nyuma ya ua. Majirani wote walikuwa upande wa mbele. Mlango mmoja tu ulitazama njia ile, na mwenye mlango huo alikuwa Bi Mwanaima.

Esha alimaliza siku nne akijishauri. Siku ya tano alijitanda leso, akavuka uwanja, hatua kumi na tano ambazo hakuwa amezipiga miaka saba, akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanaima alimtazama kwanza miguu, kisha uso. Hakuitikia marahaba. "Kuku siku hizi wanaamkia watu?"

"Nimekuja kukuomba. Kwa ajili ya watoto wa Sefu. Ukaseme ulichokiona."

"Nilichokiona nimekwisha kumwambia yule bwana. Na wewe ulisema humtegemei mtu. Nilikusikia, na Munje yote ilikusikia. Maji yakimwagika hayazoleki." Akarudi kwenye kazi yake. "Karani Rai amenitumia salamu. Siku ya shauri nitachukuliwa kwa gari. Mimi ni shahidi wa kampuni."

Esha alirudi kwake uso unamwaka. Alitaka kulia, hasira ikamnyima machozi. Na chini ya hasira palikuwa na kitu alichokuwa akikikanyaga miaka yote kisiinuke. Mwezi wa kwanza Sefu alipopata kazi, alirudi na unga akaugawa mafungu mawili. Fungu dogo akalifunga kitambaani, akasema hili la mama. Esha akamwambia, "Si anatangaza ana minazi kumi na minane? Mpelekee, lakini ukitoka na hicho kitambaa usirudi kulala hapa." Sefu akakifungua kitambaa. Akaumimina unga mtungini pamoja na ule mwingine. Hakujaribu tena, wala hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Esha aliomba Mungu asiulizwe habari hizo Kwale.

Siku ilipofika, lori la kampuni lilimpita Esha kituoni akingoja basi. Bi Mwanaima alikuwa mbele, karibu na dereva, amekaa wima kama bibi harusi. Hakugeuza shingo.

Hakimu alikuwa Mzungu mwenye mafua. Mwero alikuwa mkalimani. Meneja wa kiwanda alikaa kimya na Rai akamsemea. Chirau aliapa kwa msahafu akaeleza habari za kifuniko: kilivunjika lini, kiliegemezwa wapi, nani aliambiwa. Rai akasimama akasema marehemu alikosea mwenyewe. Palikuwa na tangazo ukutani linalokataza nguo za kuning'inia karibu na mashine, na kulivunja agizo hilo ni uzembe wa makusudi.

"Tangazo la lugha gani?" aliuliza hakimu.

"Kiingereza, bwana."

Hakimu akapenga kamasi. Kisha akasema kwamba hata lingekuwa la Kidigo lisingewasaidia, kwa sababu sheria ni wazi: mtu akifa, uzembe wake hauifuti fidia. Chirau alitabasamu. Rai naye alitabasamu, na hilo lilimtia Esha baridi, maana mtu aliyeshindwa hatabasamu hivyo.

"Basi tubaki na swali moja, bwana," alisema Rai. "Fidia ya nani?" Akayasoma maneno yote, ya minazi kumi na minane na ya konde la mpunga, neno kwa neno, na watu waliojaa nyuma wakaguna. "Kwa ushahidi wa mama yake mzazi na mkewe wa ndoa, Sefu alikuwa mtu mwenye nguvu na mshahara, na hakumlisha mtu yeyote. Hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kufa kwake. Kampuni iko tayari kulipa gharama za maziko." Akainua mkono. "Namwita mama yake athibitishe."

Bi Mwanaima alikwenda mbele polepole. Aliapa. Mkono wake ulibaki juu ya msahafu baada ya kiapo kwisha, mpaka Mwero akamwambia anaweza kuuondoa.

"Mama," alisema Rai kwa ule ulimi wake wa asali, "ni kweli mwanao hakumlisha mtu?"

"Nani kasema?"

"Wewe, mama. Hili hapa dole lako."

"Dole ni langu, maneno ni yako. Mimi nilisema hakunilisha mimi." Sauti yake ilianza chini ikapanda. "Leo nimekaa hapa namsikia mwanangu akisomwa mbele za watu kwamba hana faida kwa mtu. Kwamba kufa kwake na kuishi kwake ni mamoja. Bwana mkubwa, mwanangu alilisha! Alimlisha yule pale." Akamnyooshea Esha kidole bila kumtazama. "Miaka saba nimekaa mlangoni pangu nikiviona vikipita. Kila mwisho wa mwezi vibaba kumi vya unga, ratili mbili za sukari, chupa ya mafuta ya taa. Mwezi wa Rajabu alipita na doti ya leso ameikunja ndani ya gazeti, akadhani sioni. Mwezi wa Ramadhani alipita na tende. Watoto walipopata surua alipita na maziwa ya kopo, akatembea upesi upesi asinitazame."

"Mama, inatosha," alisema Rai.

"Haitoshi! Mlinileta kwa gari niseme, basi nitasema. Mwaka juzi masika yaliuozesha huo mpunga wanaojigambia watu. Sefu alipita na gunia zima begani. Lilikuwa na tundu, likavuja unga pale mlangoni pangu. Alipokwisha kuingia kwake nilitoka na ungo, nikauzoa ule unga na mchanga wake, nikaupepeta, nikasonga sima, nikala. Hicho ndicho nilichokula cha mwanangu. Andika na hicho."

Mwero alianza kutafsiri, akakwama kwenye neno la mchanga, akaanza tena. Hata meneja aliinua kichwa. Esha alikuwa ameinamisha uso.

Rai hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Mama, wewe unamchukia mkwe wako, sivyo?"

"Namchukia."

"Mbona sasa unamtetea?"

"Simtetei huyo. Namtetea Sefu. Nyinyi mmemuua, na sasa mnataka kumvua na nguo."

Hakimu alimwambia akae. Akamwita Esha, akamuuliza kama aliyoyasema mama yule ni kweli. Esha alisema ni kweli yote. Kwa nini basi alimwambia karani kinyume? "Kwa hasira," alisema Esha, na hilo hakimu alilielewa bila tafsiri ndefu. Akaandika muda mrefu, kisha akauliza swali jingine.

Mwero alilitafsiri taratibu, akimtazama Esha machoni. "Bwana anasema mama mzazi naye ni mtegemezi, ikiwa marehemu alimpa chochote, hata kwa sehemu ndogo. Unga uliozolewa mchangani hauhesabiwi, kwa kuwa hakupewa. Lakini wewe ndiye uliyekuwa mwenye nyumba. Anakuuliza: je, Sefu alikuwa akimpelekea mama yake chochote kwa njia nyingine?" Na macho ya Mwero yalikuwa yakimwambia sema ndiyo, dada, sema ndiyo yaishe.

Ilikuwa neno moja tu. Mkono wa Esha ulikuwa juu ya msahafu. Aliiona sima ile ya mchanga. Kama angesema ndiyo, Bi Mwanaima angeinuka pale pale akamwita mwongo, na angekuwa na haki. Na yeye mwenyewe angekuwa amejifunika kwa uongo mzuri ili kisionekane alichokifanya.

"Hakumpa," alisema. "Alitaka kumpa. Mimi nilimkataza."

Watu wa nyuma wakaguna tena, safari hii kwa ajili yake. Hakimu aliweka kalamu chini, akamtazama Bi Mwanaima, akaishika tena. Fidia yote, alisema, itawekwa kortini kwa ajili ya mjane na watoto wawili. Kuhusu mama, anasikitika. Mwero akatafsiri huku sauti imempungua: "Bwana anasema sheria inamjua aliyepewa. Aliyenyimwa haimjui."

Nje jua lilikuwa kali. Lori la kampuni lilikuwa limekwisha kuondoka. Shahidi wa namna ile harudishwi kwa gari. Bi Mwanaima alikuwa amekwisha kushika njia ya kuteremka, anatembea katikati ya vumbi.

"Mama!" Esha alimkimbilia. "Mama, ngoja. Nusu nitakupa. Wallahi nitakuletea mpaka mlangoni."

Bi Mwanaima alisimama. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni, na Esha alitamani asingemtazama.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nilijua tangu siku alipoanza kupita upesi upesi."

"Basi nisamehe. Pokea."

"Nipokee?" Alijikaza leso kiunoni. "Cha mwanangu sikukipata kwa mkono wake, nikipokee kwa mkono wako?"

Akaenda zake bila kugeuka. Esha alibaki kando ya njia na karatasi ya korti mkononi. Alikuwa ameshinda shauri. Yote yalikuwa yake na watoto wake, na mtu pekee aliyestahili kugawiwa alikuwa akiteremka kilima kwa miguu, mikono mitupu.